NCHI JIRANI: MZAZI ASIACHWE MLANGONI



Mwaka 1984 jirani zetu wa Kenya, wakisaidiwa na Denmark, walianzisha vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu na kuwashauri wazazi wao. Mwaka 1986 wakaunda Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, iwafunze walimu wa kazi hiyo. Shabaha ilikuwa kuutambua ulemavu mapema, mtoto apate msaada unaomfaa.

Shabaha hiyo ni ya busara. Udongo uwahi ungali maji. Ubongo wa binadamu hukua upesi mno katika miaka mitatu ya mwanzo. Mtoto kiziwi anayeoneshwa lugha ya alama tangu uchanga hujipatia lugha katika umri ule ule ambao wenzake wanajifunza kusema. Akicheleweshwa hadi aanze shule, pengo hilo huwa gumu kuzibika.

Hata hivyo, kupima peke yake hakutoshi. Mfikirie mama aliyeondoka kwake alfajiri, mtoto mgongoni, akafika kituoni na kuambiwa: mwanao ana mtindio wa ubongo. Akipewa karatasi tu na kuagwa, atarudi na jina la tatizo, asijue la kufanya kesho asubuhi. Nyumbani anangojwa na minong'ono ya majirani, na pengine mume anayeuliza balaa hiyo imetoka ukoo gani. Hapo ndipo watoto wanapofichwa vyumba vya uani.

Katika miaka ya 2010, mjini Kampala, jirani zetu wa Uganda walijaribu njia yenye kumkabili mzazi mwenyewe. Wazazi wa watoto wachanga wenye matatizo ya ukuaji walikusanywa katika vikundi. Vikundi hivyo viliongozwa na wahudumu waliofunzwa, wakiwamo wazazi ambao nao walikuwa wakilea watoto wenye ulemavu. Walijifunza kwa vitendo: kumkalisha mtoto wima anapolishwa ili chakula kisipotee njia na kuingia mapafuni, kumpakata na kumgeuza ipasavyo, kucheza naye, na kuzisoma ishara za macho na sauti yake.

Maana yake ni nini? Mtaalamu humwona mtoto kwa saa chache. Mama, baba na bibi humlisha, humwogesha na kumbeba kila siku. Saa ile ya mtaalamu itazaa zaidi akiitumia kumsikiliza mzazi na kumwonesha kazi, kwani uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Naye mama akimwona mwenzake aliyepita njia hiyo hiyo, aibu humpungua na ujasiri humwingia.

Kumfundisha mzazi, hata hivyo, kusiwe kisingizio cha kumtwika peke yake mzigo wa taifa zima. Kiti cha kumkalisha mtoto, dawa za kifafa na nafasi shuleni havipatikani kwa mapenzi ya mama tu.

Sisi nasi tunayo kliniki ambako akina mama hupeleka watoto kupimwa uzito. Hapo hapo yafaa waulizwe: je, shingo imekaza? Je, hugeuka akiitwa? Jibu likitia shaka, basi mama asiondoke kabla ya kuoneshwa, kwa mikono, jambo moja la kumsaidia mwanawe usiku ule. Na baba aitwe naye, kwani mtoto ni wa wote wawili.