Mchezo wa Mtoto Mdogo Nyumbani



Wasikilizaji wapenzi, akina baba na akina mama mlioketi karibu na redio, leo nataka tuongee juu ya mtoto ambaye hajafikia bado umri wa shule, yule wa miaka miwili, mitatu au minne, ashindaye uani pamoja na kuku. Wengi wetu twamtazama na kusema: "Huyu hana kazi, acheze tu mpaka siku ya kuandikishwa." Wengine husema neno baya zaidi: "Acha upuuzi, kaa kimya." Mimi nami nalilisema. Siku moja nalitoka shambani nimechoka, nikamkuta mwanangu amejaza udongo wa kichuguu katika kikapu changu cha mbegu. Nikaumwaga wote nje, nikamgombeza. Baadaye mama yake akaniambia kwamba vile vibonge vilikuwa ng'ombe, kila mmoja alikuwa na jina lake, na mtoto alikuwa amewahesabu mpaka saba. Mimi, mwalimu wa watoto wa watu wengine, sikujua kwamba wangu anaweza kuhesabu.

Basi tufahamu jambo hili. Waganga waliochunguza mwili wa mtoto watuambia kwamba afikapo miaka sita, ubongo wake umekwisha kupata karibu sehemu tisa katika kumi za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Maana yake kazi kubwa imefanyika kabla mwalimu hajamwona. Shule za maternele, zile ziwapokeazo watoto wa miaka mitatu mpaka mitano, vijiji vyetu vingi havinazo. Tena tangu mwaka 2019, serikali ya Kongo ilipoanza kuondoa karo katika shule za msingi za serikali, watoto wameingia kwa wingi, jambo la kufurahisha sana. Lakini mwalimu aliye mbele ya darasa lililojaa hawezi kumfundisha kila mmoja yale ambayo angalijifunza jikoni kwa mama yake.

Mama atasema: "Nami nitapata wapi vitu vya kuchezea?" Mama, unavyo. Chukua maharagi ya kupika jioni, yale yaliyochanganyika, mekundu, meupe, meusi na yenye madoadoa. Mpe mtoto wa miaka mitatu na nusu vibakuli viwili au vitatu, umwambie: "Nitengee mekundu hapa, meupe pale." Anajifunza kutazama, kulinganisha na kutaja rangi, na chakula chako kinachambuliwa. Akichoka, usimlazimishe. Kesho mwulize bakuli lipi lina mengi. Keshokutwa mhesabu pamoja mpaka tano, akigusa kila punje kwa kidole, moja moja. Maana mtoto aimbaye "moja, mbili, tatu" bila kugusa kitu hajajua hesabu bado, amejua wimbo. Lakini kaa karibu naye. Mtoto mdogo hupenda kutia punje puani au sikioni, na karanga ikimwendea vibaya kooni yaweza kumziba pumzi. Aliye chini ya miaka mitatu apewe vitu vikubwa visivyomezeka: magunzi ya mahindi, vibuyu, vifuu vikubwa.

Huyo mdogo zaidi hupenda kujaza na kumwaga. Mpe maji kidogo katika bakuli na vibuyu viwili, kimoja kikubwa, kimoja kidogo, umwache amwage atakavyo. Mtoto mchanga akaaye mapajani, mfunike kitu kwa kitambaa, kisha mfunulie. Atacheka mara ishirini, nawe utachoka kabla yake.

Mwaka 1907, tarehe 6 Januari, daktari mmoja mwanamke wa Italia, jina lake Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma, uitwao San Lorenzo. Hao walikuwa watoto wa vibarua. Aliona kwamba mara nyingi waliviacha vinyago vizuri, wakachagua kazi za kweli: kufagia, kumimina maji, kufunga vifungo. Mama wa kijijini hashangai. Mtoto wake humfuata na kifagio siku zote! Tatizo ni kwamba twamnyang'anya kwa sababu hafagii vizuri.

Sasa neno kwa akina baba. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwaita wazazi walezi wa kwanza na walezi wakuu wa watoto wao. Haukusema mama peke yake. Baba ajuaye kufunga mpira wa majani makavu ya migomba amfungie mwanawe. Uendapo shambani naye, mwonyeshe nyayo njiani, umwulize ni za mbuzi au za mbwa. Chora kwa kijiti mavumbini herufi ya kwanza ya jina lake, naye apite juu yake kwa kidole. Nawe usiyejua kusoma, usione haya: msemeshe kwa lugha ya nyumbani kwenu, mtajie majina ya ndege na ya miti. Mwenye maneno mengi katika lugha ya mama yake hushika upesi maneno ya mwalimu.

Tena jioni, chungu kikiwa motoni na watoto wameketi mbali kidogo na mafiga, tegeni vitendawili. Anzeni na vyepesi. Na mtoto wa miaka mitano akitega kimoja alichokitunga mwenyewe, hata kama hakuna awezaye kukitegua, wala yeye mwenyewe, msimcheke. Mpeni mji, naye atatega kingine.