Uvimbe Unaodhaniwa Jipu kwenye Mguu wa Sungura wa Nyumbani: Kwa Nini Tuweke Chini Wembe na Kidonge

Mada kwa semina ya wafugaji wadogo, maafisa ugani na wauzaji wa dawa za mifugo, Kata ya Kiwangwa, Mkoa wa Pwani

1. Utangulizi

Kichwa nilichopewa ni afya ya sungura wa nyumbani. Ni kichwa kipana, na mengi yaliyo ndani yake wanasemina wanayajua, kwa hiyo nitayapita haraka ili muda ubaki kwa tatizo moja linalorudi kila masika na kila vuli bila kupungua. Kiwangwa inajulikana kwa mananasi. Hakuna anayeshika barabara ya Bagamoyo hadi Msata akitafuta sungura. Hata hivyo banda lenye sungura wawili watatu nyuma ya nyumba ni jambo la kawaida: watoto humpa mnyama jina na kumchezea, wakubwa humhesabu kitoweo cha akiba. Kwa kuwa anasimama katikati ya mambo hayo mawili, akiugua hapati huduma ya ng'ombe wala uangalizi wa mgonjwa wa nyumbani. Anapata wembe wa mtu wa karibu na kidonge kilichobaki kabatini. Yatakayosemwa hapa ni maoni ya kitaalamu ya mtoa mada, si tamko la ofisi yoyote, na hayamlengi mtu wala duka lolote.

2. Maana za msingi

Jipu ni mkusanyiko wa usaha uliozungukwa na ukuta ambao mwili umeujenga ili kuuzuia usisambae. Kidonda cha nyayo ni kuchubuka na kuoza kwa ngozi ya chini ya mguu, hasa wa nyuma, kunakosababishwa na mgandamizo, unyevu na uchafu. Mara nyingi la pili huzaa la kwanza. Bakteria wanaopatikana sana ni Staphylococcus aureus na Pasteurella multocida, na wengine huingia kutegemea uchafu wa banda. Maana hizi zinatosha.

3. Tatizo lenyewe

Hoja ya mada hii ni moja: jipu la sungura haliponi kwa njia inayoponya jipu la mbuzi, na kulitibu kama la mbuzi ndiko kunakomuua sungura kuliko jipu lenyewe. Kwa mbuzi tumezoea kusubiri uvimbe ulainike, kupasua, kukamua, kusafisha na kuchoma sindano. Mara nyingi inafanikiwa, usaha ukiwa na majimaji ya kutosha kutoka. Chembe nyeupe za damu ya sungura zina upungufu wa vimeng'enya vya kuyeyusha usaha, kwa hiyo usaha wake ni mzito kama dawa ya meno. Hautiririki. Ukipasua, kinachotoka ni kile kilicho karibu na tundu. Kilichobaki kimeng'ang'ania ukuta wa jipu, pengine kimejipenyeza katika vijifuko vya pembeni, na ngozi ikishafunga kinaanza upya. Anayekamua kwa nguvu anaweza hata kuupasua ukuta huo kwa ndani na kusukuma bakteria kwenye kano, kiungo na mfupa. Mguu hauna nyama nyingi ya kukinga. Kutoka ngozi ya nyayo hadi mfupa ni hatua fupi sana, na maambukizi yakishafika mfupani, tiba inayobaki kwa kawaida ni kukata mguu au kumpumzisha mnyama bila maumivu.

Kwa sababu hiyo tiba inayotegemewa ni kuliondoa jipu pamoja na ukuta wake inapowezekana, au, kwa kuwa mguuni nafasi ni ndogo, kulifungua kwa upana, kukwangua ukuta, kuacha kidonda wazi kipone kutoka ndani na kukisafisha kila siku. Hiyo ni kazi ya upasuaji inayohitaji dawa ya usingizi, dawa ya maumivu na mtu aliyesajiliwa kuifanya, kama Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inavyotaka. Dawa ya bakteria hufuata kwa wiki kadhaa, si siku tatu, kwa kuwa hupenya kwa shida katika usaha uliofungiwa. Hapa pia mazoea ya wanyama wengine yanatuponza: mbwa hunyimwa chakula kabla ya usingizi ili asitapike, lakini sungura hatapiki, na akikaa bila kula utumbo wake husimama. Sungura asifungishwe njaa kabla ya upasuaji, na baada yake asiachwe nusu siku bila kula.

Nusu ya pili ya tatizo ni kidonge. Mtu akisikia usaha hukimbilia amoksilini au ampisilini ya binadamu, hufungua kapsuli na kuichanganya na maji au pumba. Kwa sungura hiyo ni sumu. Utumbo wake una kifuko kikubwa ambamo bakteria wema huchachusha nyuzinyuzi za majani. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni, pamoja na klindamaisini na linkomaisini, huwaua hao wema na kuwaachia nafasi bakteria wa jamii ya Clostridium, ambao hutoa sumu. Sungura huacha kula, huharisha maji, na huweza kufa ndani ya siku chache. Mwenye sungura husema jipu lilipanda moyoni. Halikupanda popote. Alikufa kwa dawa, na kwa kuwa hakuna aliyemweleza, sungura anayefuata hupewa dawa ileile. Jambo hili limekuwa likisemwa katika semina kwa miaka, na kapsuli bado inauzwa bila swali.

Kabla ya wembe na kidonge kuna kosa la tatu, la kuuita kila uvimbe jipu. Mguu uliovimba waweza kuwa umevunjika, umetenguka, una funza, una mwiba ndani, una upele uliokaukia kwenye vidole, au una uvimbe wa aina nyingine kabisa. Uchunguzi wa awali hauhitaji vifaa. Watu wawili wamfunge sungura kwa kanga au taulo, mmoja akishikilia kiuno na matako yasining'inie, kwa maana sungura akirusha teke hewani huweza kujivunja uti wa mgongo. Mwingine alinganishe miguu yote miwili: manyoya ya nyayo yamelika kiasi gani, ngozi ni nyekundu au imepasuka, pana joto au harufu, kucha ni ndefu kiasi gani. Uvimbe wa mviringo, mgumu au unaobonyea kidogo, juu ya nyayo iliyochubuka, ni wa kudhaniwa jipu. Mguu unaoning'inia au uliopinda ghafla ni wa kudhaniwa umevunjika. Kuthibitisha kwa sindano pana ni kazi ya mtaalamu, na hata yeye akivuta bila kupata kitu asiseme hakuna usaha, maana huenda ni mzito tu.

Baada ya hayo ndipo twende bandani, kwa sababu ndiko jipu lilikoanzia. Sungura hana nyama laini ya kukanyagia kama paka. Nyayo zake zinalindwa na manyoya tu. Akisimama siku nzima juu ya waya wa kuku, uzito wote hukaa kwenye nyuzi chache. Mkojo ukilowanisha manyoya, yakakatika, ngozi ikabaki tupu, bakteria wanapata mlango. Ukanda wetu una unyevu mwingi, na masika kitu hakikauki. Kiwangwa inaongeza la kwake: maganda ya nanasi yakitupwa bandani kwa wingi, sukari yake huvuruga utumbo, kinyesi hulainika na sakafu hulowa, na ncha za majani ya nanasi huchoma nyayo. Sungura anayenenepeshwa kwa pumba bila kutembea, hasa wa aina kubwa kama New Zealand White anayefika kilo 4 hadi 5, ndiye wa kwanza kuumia.

4. Hoja zinazotolewa dhidi ya msimamo huu

Hoja ya kwanza ni ya fedha: sungura ana thamani ndogo kuliko gharama ya upasuaji, basi achinjwe aliwe. Ni hoja ya haki, na hakuna anayelazimishwa kumpasua sungura. Lakini mnyama mwenye usaha, au aliyechomwa dawa ambayo muda wake wa kusubiri haujaisha, si kitoweo salama, hasa kwa watoto. Mwenye mali akiamua kumaliza maumivu ya mnyama kwa njia ya kiungwana, anafanya jambo linalokubalika, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatukumbusha kwamba kumwacha ateseke si mojawapo ya machaguo. Wakati huohuo, wenzake wamebaki juu ya waya uleule, na kuchinja hakujatibu sakafu.

Hoja ya pili husema kwamba sakafu ya waya ndiyo safi, kwani kinyesi hudondoka na ugonjwa wa koksidia hupungua. Ni kweli. Kwa hiyo hatusemi waya ung'olewe. Tunasema ndani ya banda pawe na ubao mkavu wa kupumzikia, wenye upana wa kumtosha kulala, unaotolewa, kusuguliwa na kuanikwa juani, na ubao wa pili wa kubadilishana. Mwanzi uliopasuliwa na kulainishwa kingo nao unafaa. Usafi wa waya na pumziko la mguu vinaweza kukaa banda moja.

Hoja ya tatu hutoka kwa wataalamu wenzangu: mbona penisilini hutolewa kwa sungura? Hutolewa kwa sindano chini ya ngozi, kwa uamuzi wa daktari wa mifugo, si kwa mdomo. Zipo pia enrofloksasini na mchanganyiko wa trimethoprimu na salfa, ambazo sungura huzistahimili zaidi, ingawa nazo si za kununuliwa kwa kubahatisha. Tanzania imekuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa tangu mwaka 2017. Mpango huo unavunjwa vipande vidogovidogo kila sindano moja ya kukadiria inapouzwa.

Hoja ya nne ni umbali: daktari wa mifugo hayupo kijijini. Hiyo siwezi kuikanusha kwa maneno ya semina. Inajibiwa kwa sehemu tu na ukweli kwamba mguu ukigunduliwa manyoya yanapoanza kulika, daktari hahitajiki. Kukausha, ubao na kupunguza uzito vinatosha kwa wengi. Wembe hutafutwa kwa sababu tumechelewa kutazama.

5. Mapendekezo

(i) Kila mwenye sungura akague nyayo zote nne mara moja kwa wiki, na kucha zikatwe zinapopita manyoya.

(ii) Kila banda la waya liwe na mbao mbili za kupumzikia, moja ikitumika nyingine ikianikwa.

(iii) Chakula kikuu kiwe nyasi. Pumba zipimwe, maganda na majani ya nanasi yasitupwe bandani.

(iv) Uvimbe usipasuliwe, usikamuliwe, usichomwe kwa kisu cha moto.

(v) Hadi mtaalamu afike, sungura ahamishiwe kwenye nyasi kavu, kidonda kioshwe kwa maji safi ya vuguvugu yenye chumvi, kikaushwe, na mgonjwa aendelee kula.

(vi) Asiyekula au asiyetoa kinyesi kwa saa 12 ahesabiwe wa dharura.

(vii) Amoksilini, ampisilini na klindamaisini zisipitishwe mdomoni mwa sungura kwa hali yoyote.

(viii) Wauzaji wa dawa, za mifugo na za binadamu, waulize "ni ya mnyama gani?" kabla ya kutoa dawa.

(ix) Maafisa ugani wapewe mafunzo ya sungura peke yake, si kama nyongeza ya somo la mbuzi.

(x) Halmashauri ifikirie kuweka siku ya daktari wa mifugo katika kata, itakayojulikana mapema, ili wanyama wadogo nao waletwe.

(xi) Usaha wa majipu yanayorudi upelekwe maabara kupitia afisa mifugo, ili dawa ichaguliwe kwa ushahidi.

(xii) Anayemhudumia mgonjwa avae glovu na kunawa kwa sabuni, kwani Staphylococcus aureus humwambukiza binadamu pia. Watoto waelezwe hivyo bila kutishwa.

(xiii) Kwa kurudia pendekezo la (iv) na la (vii), kwa sababu ndiyo yanayosahaulika: wembe chini, kidonge chini.

6. Hitimisho

Mapendekezo mengi kati ya haya hayana gharama ya kusubiri bajeti. Naomba la (viii) lijadiliwe leo kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa wauzaji wa dawa wamo humu ukumbini na swali lenyewe ni la maneno manne. Yanayohitaji fedha yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao na yapelekwe panapohusika.