Oili ya Difu Iangaliwe Kwanza

Msikilizaji ambaye gari lake linavuma upande wa nyuma anashauriwa kuangalia oili ya difu kabla ya kwenda Gerezani, Kariakoo, kununua difu ya mtumba. Difu ni sanduku la meno linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu. Mvumo unaobadilika dereva anapokanyaga na kuachia mafuta aghalabu hutokana na meno hayo. Unaozidi kwenye kona, uzito unapoegemea upande mmoja, huelekea kuwa wa beringi ya gurudumu. Oili kwanza: gari lisimame pasipo mteremko, nati ya kujazia ifunguliwe, na kidole kiiguse oili ukingoni mwa tundu. Ikimwagwa na vipande vya chuma vikaonekana, fundi aifungue difu, kwani kutia unga wa mbao ndani yake, hila kongwe ya wauza magari, hunyamazisha mvumo tu.