Kikohozi Nyumbani

Leo twasema hasa nanyi wa Chapwa na Tunduma, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi hupenya hata blanketi, na kikohozi husikika nyumba hata nyumba. Somo letu ni juu ya kukitibu nyumbani, na kujua ni wakati gani nyumbani hapatoshi.

Kukohoa ni njia ya mwili kutoa makohozi kifuani. Kikohozi kijacho pamoja na mafua kwa kawaida huletwa na virusi, nacho huisha chenyewe, mara nyingi katika wiki mbili hivi. Antibiotiki haziui virusi. Basi yule anunuaye vidonge vinne dukani, akameza na kuacha, ametupa fedha zake, tena awazoeza bakteria kuishinda dawa.

Mpe mgonjwa vinywaji vya moto kiasi: maji, chai, uji mwembamba. Kijiko kidogo cha asali hutuliza koo. Lakini sikilizeni, akina mama: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba, maana yaweza kuwa na vijidudu viletavyo sumu ya kulegeza mwili. Huyo anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mafuta ya taa asinywe mtu yeyote. Yakiingia mapafuni huyaharibu. Wala msifunge milango mkaweka jiko la mkaa ndani ili kupata joto: moshi huzidisha kikohozi, na hewa ya mkaa isiyoonekana huua watu usingizini.

Na dawa za maji za chupa? Mwaka 2022, huko Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya dawa nne za namna hiyo zilizokutwa na sumu. Mpakani bidhaa hutoka kila upande. Chupa usiyojua asili yake, iache.

Sasa chukueni saa. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Kupanda na kushuka kwa kifua ni pumzi moja. Aliye chini ya miezi 2 akifika 60, wa miezi 2 hadi mwaka mmoja akifika 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, huenda ni homa ya mapafu, yaani nimonia. Mpelekeni zahanati siku ile ile. Hesabu ikiwa ndogo, lakini chini ya mbavu panabonyea akivuta pumzi, au hawezi kunyonya, mpelekeni hata usiku. Msingoje kukuche kwa sababu bibi amesema ni mafua tu.

Kwa mtu mzima, kikohozi kikifika wiki mbili, au makohozi yana damu, au ajikuta akikonda na kutoka jasho usiku, apimwe kifua kikuu. Tangu Robert Koch alipomtambua kijidudu chake mwaka 1882, hakuna sababu ya kuyasingizia mambo ya kurogwa. Katika vituo vya serikali vya Tanzania kupimwa na dawa ni bure. Dawa kwa kawaida humezwa miezi 6, nawe utajiona umepona kabla ya hapo, endelea kumeza. Madereva wa malori, mkiwa safarini kwenda Zambia, chukueni dawa za kutosha kwa siku zote za foleni na njia.

Kwa herini.