Taya limevimba? Tuangalie na tumbo

(Maneno ya mwanachama wetu, muuguzi, mbele ya mkutano wa wanachama, Uvira)



Mumeniomba niseme juu ya ile kansa ya watoto inayovimbisha taya. Tulipokuwa kambini Tanzania, mtoto wa majirani alianza na jino kulegea. Wakaling'oa. Uvimbe ukazidi. Sisi wote tuliangalia taya tu, hakuna aliyegusa tumbo. Alipofikishwa kwa daktari, hata miguu ilikuwa haina nguvu tena. Tulimzika. Naisema habari hii ili isirudie.

Ugonjwa huu unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1957, pale Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto wa miaka 5, taya zimevimba pande zote. Baadaye kidogo, Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye taya kama zile. Huyu akampapasa tumbo, na mle ndani akakuta uvimbe pia. Hapo akafahamu: ni ugonjwa mmoja unaotembea mwilini. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari kilomita kama 16,000, kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Walikuta uko kwenye joto, mvua na malaria. Kwenye milima ya baridi ni nadra. Sisi tuko kando ya ziwa, chini ya mita 800, na malaria tunaijua. Basi unatuhusu.

Burkitt alitumia vidole. Leo kuna picha. Ekografi inaonyesha maini, figo, ovari za wasichana na tezi za ndani ya tumbo. Haiumizi, haina mionzi. Radio inaonyesha kifua na mfupa wa taya. Skaneri inaona zaidi. Nairobi kuna hata mashine ya PET: mgonjwa anachomwa sukari yenye mionzi kidogo, na kwa sababu uvimbe unakula sukari sana, unang'aa kwenye picha. Ndivyo wanavyoona ulikofika, na kama dawa inauzima.

Lakini tusidanganyane. Picha haitaji jina la ugonjwa. Lazima wakate kinyama kidogo wakipime. Wanapima pia maji ya uti wa mgongo, maana ugonjwa unaweza kufika kule, ndiyo miguu inalegea.

Kwa nini haraka? Chembe zake zinaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili tu. Ukingoja mwezi, si uvimbe ule ule tena. Na hapa ndipo penye matumaini: kwa sababu zinakua mbio, dawa ya kansa inazipiga mbio pia. Watoto wengi wanapona wakiwahi.

Sasa ombi langu. Sanduku letu linatoa pesa mtu akiisha lazwa, ao akiisha kufa. Naomba tubadilishe. Mtoto yeyote wa mwanachama akiwa na taya ao tumbo lililovimba, ao meno yanayolegea bila sababu, tumlipie safari na ekografi wiki ile ile. Ekografi moja ni pesa kidogo kuliko sanda na jeneza.

Wamama, leo usiku mkiogesha watoto, pitisheni mkono tumboni.