Bega la Mchuna Chai

Mwaka 1974 madaktari wawili wa Kanada, Kennedy na Hawkins, waliyapa jina maumivu yaliyokuwa yakiwasumbua waogeleaji wa mashindano: bega la mwogeleaji. Jina hilo lilifungua njia. Leo mwogeleaji akilalamika kwamba bega linachoma, kocha humpunguzia masafa, humrekebishia namna ya kuutumbukiza mkono majini, na mtaalamu wa tiba ya viungo humpa mazoezi. Hata mtu mzima anayeogelea kwa ajili ya afya yake tu hupata msaada huo akiutafuta.

Huku Kericho na Bomet mabwawa ya kuogelea ni machache, lakini mabega ya namna hiyo yamejaa katika mashamba ya chai.

Mchunaji huingia shambani asubuhi, umande ungali juu ya majani, aproni ya plastiki kiunoni na kikapu mgongoni. Kichaka cha chai hukatwa kikawa bapa kama meza, na upana wake humlazimu kunyoosha mikono mbele bila kuiegemeza popote. Vidole hukwanyua majani mawili na chipukizi, tena na tena. Viganja vikijaa, mkono huruka juu ya bega na kuyatupa majani kikapuni. Mwendo huo wa kurusha ni ndugu wa mwendo wa mwogeleaji: mkono unapanda, bega linazunguka, mkono unarudi mbele. Tofauti ni kwamba maji humbeba mwogeleaji, ilhali mchunaji ndiye anayebeba. Kikapu kinazidi uzito, mteremko unateleza kwa mvua, na chai ya nyanda hizi huchunwa mwaka mzima, haina msimu wa kupumzika.

Ndani ya bega kuna misuli minne midogo inayoshikilia mfupa wa mkono mahali pake. Kano ya msuli mmojawapo hupita kwenye mwanya mwembamba chini ya mfupa wa juu wa bega. Mkono ukiinuliwa mara nyingi wakati misuli hiyo imechoka, kano husuguliwa, huvimba, na mwanya ukazidi kubana. Dalili zake zinajulikana vizuri katika nyumba za laini wanamoishi wachunaji: mtu hawezi kulalia upande mmoja usiku, maumivu humchoma mkono ukifika usawa wa bega, na kuanika nguo kunakuwa kazi ya kusaga meno.

Tatizo hili huitwa uchovu. Au baridi ya Kericho. Au uzee, hata kwa mwanamke wa miaka 35. Majina hayo yanaumiza kuliko yanavyoonekana, kwa sababu uchovu hautibiwi, huvumiliwa. Basi mtu hununua diklofenaki dukani, humeza asubuhi na kurudi shambani. Dawa hiyo hutuliza, lakini ikimezwa kila siku kwa miezi inaweza kusababisha vidonda tumboni na kuharibu figo, na kano inaendelea kusagika kimyakimya.

Matibabu yenyewe si ya ajabu. Bega linataka kupunguziwa mwendo ule unaoliumiza, bila kufungwa kabisa, maana bega lisilosogezwa hukakamaa. Linataka mazoezi ya kuimarisha misuli ya nyuma na ya mabawa ya mgongo, na kwa hilo kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli kilichofungwa mlangoni kinatosha: kiwiko kinabanwa ubavuni, mkono unavuta tyubu kuelekea nje polepole. Kazini, kumwaga majani kabla kikapu hakijawa mzigo husaidia, na kubadilisha mkono unaorusha vilevile. Anayeanguka na kushindwa kabisa kuinua mkono, au anayekufa ganzi vidoleni, asingoje mazoezi. Aende hospitali.

Lakini nani atapunguza mwendo ilhali kilo ndiyo mshahara? Kocha akimpumzisha mwogeleaji, mwogeleaji hupoteza mazoezi ya wiki mbili. Mchunaji akijipumzisha hupoteza unga na karo. Ushauri wowote wa afya usiogusa mizani ni nusu ya ushauri. Na mashine za kuchuna, ambazo zingeweza kuyaokoa mabega haya, ndizo zilizochomwa na waandamanaji Kericho Mei 2023, kwa kuwa kila mashine huondoa watu wengi kazini. Haki haimo katika kumtaka mtu achague kati ya bega na ajira.

Wapo waliolipeleka jambo hili mbali. Mamia ya wachunaji waliishtaki kampuni ya chai ya James Finlay (Kenya) Limited huko Edinburgh, Scotland, kwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa imesajiliwa Aberdeen. Walidai kwamba mizigo, saa nyingi na miteremko viliwaharibia migongo na viungo. Kampuni ilikanusha. Kesi ikaruhusiwa mwaka 2022 kuendeshwa kwa pamoja, lakini mwishoni mwa 2023 majaji wa rufaa wa Scotland waliisimamisha ili madai yapitie kwanza sheria ya Kenya ya fidia ya majeraha kazini, WIBA ya mwaka 2007, ile ambayo Mahakama ya Upeo jijini Nairobi iliithibitisha Desemba 2019.

Kwa hiyo safari ndefu ya Ulaya ilirudi hadi kwenye fomu ya nyumbani. Sheria hiyo inamtaka mwajiri, akishapata taarifa ya ajali, amjulishe mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7. Ajali isiporipotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, haki ya fidia inaweza kupotea. Aliyevunjika mguu anajua siku na saa. Bega la chai halina tarehe, limeharibika kilo kwa kilo. Asiyekuwa na karatasi atathibitisha vipi? Hali ni ngumu zaidi kwa kibarua anayemchunia mkulima mdogo wa Mogogosiek au Litein, ambaye hulipwa jioni na hana barua yoyote ya ajira.

Vyama vya wafanyakazi hubishana kila mara kuhusu bei ya kilo, na ni sawa. Mezani hapohapo pawekwe uzito wa kikapu, mapumziko yenye malipo, na mtaalamu wa viungo katika zahanati za mashamba. Wakati hayo yanasubiriwa, kuna jambo lisilogharimu kitu. Mchunaji anapoketi mbele ya daktari, iwe katika hospitali ya Longisa, Kapkatet au Tenwek, asiseme tu kwamba bega linauma. Ataje kazi yake, ataje miaka aliyochuna, ataje mkono upi unaorusha majani, na asiinuke kitini kabla ya kuona yote matatu yameandikwa kwenye kadi yake.