Betri za Kigari cha Mzee Wetu



Mwaka huu tulikosea, na yatupasa kukiri mbele yenu. Betri za kigari cha umeme cha mzee wetu asiyeweza kutembea zilipochoka, tulibadili moja tu ili kuokoa fedha za Chama. Haukupita muda akakwama njiani juani, akasukumwa na watoto hadi kwake.

Kigari hicho huendeshwa kwa betri mbili za volti 12, zilizoungwa pamoja zikatoa volti 24. Kuukuu huidhoofisha mpya. Kwa hiyo hununuliwa mbili, za aina moja. Wako waliotushauri betri ya motokaa, ambayo ni rahisi. Hiyo imeundwa kuwasha injini kwa nguvu za mara moja, haistahimili kutumika kila siku hata ikakaribia kwisha. Zifaazo ni zilizozibwa, zisizotiwa maji. Mnunuzi atazame tarehe ya kutengenezwa, kwani betri huchakaa hata ingali dukani.

Zitiwe chaji kila baada ya safari. Zikiachwa tupu, chumvi ngumu hugandamana na vibati vya risasi. Wala kuukuu zisivunjwe uani: watu wa Owino Uhuru, Mombasa, wameumizwa na risasi ya betri.

Mweka hazina anaomba idhini yenu anunue jozi nzima.